Tumbo Lisilo na Kosa

Mwanangu aliharisha mpaka majirani wote wakawa madaktari. Huyu alisema meno, yule maziwa, mwingine akasema minyoo, na mimi fundi cherehani, nisiyejua tumbo limeshonwaje, nikawatii wote. Maziwa nikaacha, mayai nikaacha, matunda nikaacha. Mtoto akabaki uji na macho. Bado maji yalimtoka kama bomba limepasuka.

Hospitalini walipima choo, hawakuona mdudu. Daktari wa watoto, mama mmoja mwenye sauti ya chini, akasema, "Leo asile chochote. Tumwekee dripu, tuone kama kuharisha kutakoma."

Hilo nililielewa. Kisichoingia kitatokaje?

Mchana nepi ikalowa. Nikabadilisha, ikalowa tena. Nikamgeukia mama mkwe, aliyekaa ukingoni mwa kitanda akimtania mjukuu wake kama kawaida yao: "Mke mwenzangu, ukikonda hivi babu yako nitabaki naye peke yangu."

"Mama, umempa nini?"

"Nimempa maneno."

"Mama."

"Kwani maneno nayo yanaharisha?"

Nikafungua mkoba wake. Biskuti, tena pakiti imeshafunguliwa. Akasema ni zake, sukari humshuka asipokula. Sikumwamini. Nikamwambia akasubiri kwenye benchi la nje. Aliinuka bila kujibu, na hapo ndipo nilipochomwa, maana mama yule hajawahi kuishiwa maneno.

Nikalinda kitanda kama askari wa benki. Hakuna aliyeingia, wala chembe haikupita mdomoni mwa mtoto. Nepi ikalowa. Nikaigeuza huku na huku kama nguo ya mteja iliyonishinda.

Daktari alipokuja nilijitetea kabla sijaulizwa. "Hajala, daktari. Wallahi hajala."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana sasa nadhani tatizo si chakula."

Akaagiza kipimo cha damu na picha ya tumbo. Picha ikaonyesha uvimbe juu ya figo. Nikampapasa mwanangu ubavuni, palikuwa laini.

"Uvimbe upi? Mbona hajavimba?"

"Uko ndani. Unatoa homoni, ni kama ujumbe unaopita kwenye damu. Unauambia utumbo umwage maji, nao unamwaga, ale asile. Kwa watoto ni nadra sana, ndiyo maana tumechelewa kuudhania."

"Kwa hiyo tumbo halina kosa?"

"Linatii amri tu. Tukiutoa uvimbe, tunatumaini amri itakoma. Ila chumvi za mwili wake zimeshuka mno. Lazima tuzirudishe kwanza, la sivyo moyo wake hautahimili upasuaji."

Nikatoka. Mama mkwe alikuwa pale kwenye benchi, mikono mapajani.

"Mama, si chakula. Ni uvimbe wa kwenye figo, unatuma ujumbe..." Nikakwama.

"Kwa nani?"

"Kwa utumbo."

"Figo na utumbo wanajuana?"

"Sijui, Mama. Watampasua."

Akasogea kunipa nafasi kwenye benchi.

"Nisamehe," nikasema. "Nilidhani wewe."

"Nani asingedhani? Hata mimi nilianza kujishuku." Akanitazama. "Atapona?"

"Hawajasema atapona. Wamesema wanatumaini. Twende ndani, sijui nimwambie nini mtoto."

"Mimi najua basi?" akasema, akajitanda mtandio wake, akanitangulia mlangoni.