Asimletee Mtu Limi Chakula

Kiangazi kijacho binti yangu Limi atalala tena kwenye meza ya Daktari Klara. Kwa hiyo nawaonya mapema, wakwe na majirani zangu wa Ngokolo: asije mtu na chungu. Mara ya kwanza tulipona kwa kudra ya Mungu tu.

Limi ameolewa na Bujiku, mchimba dhahabu wa Bulyanhulu. Miaka imepita, mtoto hakuna, mirija ya uzazi imeziba. Daktari Klara, mzungu aliyekuja na mashine zake ndani ya masanduku, alitueleza bila kuficha. Mwanamke anachomwa sindano siku nyingi ili mayai yapevuke mengi kwa pamoja, si moja kama ilivyo kila mwezi. Jioni anachomwa ya mwisho, na kesho kutwa yake asubuhi lazima yatolewe. Ukichelewa yanatoka yenyewe, yanapotelea tumboni. Anapigwa nusukaputi, daktari anapitisha sindano ndefu njia ya uzazi huku anatazama kioo kama cha televisheni, ananyonya maji kwenye vifuko vya mayai. Yai limo ndani ya maji yale, dogo kuliko punje ya unga. Ndipo linakutanishwa na mbegu ya mume kwenye kisahani, kisha linarudishwa kwenye tumbo la uzazi.

"Ila asile kitu tangu usiku," akasema. "Akilala na chakula tumboni, kinaweza kupanda kikaingia mapafuni. Akila, simgusi."

Mimi nilielewa. Mkwe wangu Mama Bujiku naye alielewa, ila kwao hajaondoka mtu kwenda hospitali na tumbo tupu tangu dunia iumbwe. Asubuhi ile tulimkuta kliniki ametutangulia, na ugali wa mtama kichwani.

"Mayo! Mtu anakwenda kuchokonolewa halafu asile? Hata ng'ombe wa kuchinjwa anapewa maji."

"Huyu hachinjwi, mkwe wangu."

"Ndiyo maana ale!"

Nikamnyang'anya ugali. Kugeuka, nikakuta michembe, vile viazi vyetu vya kukausha, imejazwa ndani ya foronya. Shangazi yake Bujiku akaleta maziwa mgando, eti ya kumnawisha mgonjwa uso. Nikasimama mlangoni na ufagio. Bujiku alikuwa amekwisha kutoa mbegu zake kwenye kikopo, akawa anatazama viatu tu, hathubutu kunitazama mimi mama mkwe wake.

Mama Bujiku akatoka uani, akapiga mwano, ule ukelele wa kuibiwa ng'ombe. Punde sungusungu, walinzi wetu wa jadi, wakajaa na pinde zao, mbele yao kamanda Maganga.

"Nani kaiba?"

"Huyu hapa! Anamshindisha njaa mke wa mwanangu!"

Wakanikalisha chini, kesi ikaanza chini ya dirisha la chumba cha upasuaji. Daktari Klara akachungulia. "Jamani, muda unakwisha!"

"Na sisi tuna sheria zetu, daktari," akajibu Maganga. "Mama Limi, unakiri kumnyima mwanao chakula?"

"Nakiri."

"Eeee!" wakasema wote.

Ikabidi niwaeleze wanaume wenye mishale habari za vifuko na sindano na inakopita. Waliinama mmoja mmoja. Maganga akakuna kidevu, huku mayai yanatuponyoka.

"Basi," akasema. "Jirani akifiwa hatupiki kwetu. Huyu akifunga, tunafunga wote. Atakayetafuna kabla mayai hayajatoka, faini yake mbuzi."

Vyungu vyote vikakusanywa, vikawekewa mlinzi. Limi akalazwa. Uani watu walikaa na pinde mapajani, matumbo yananguruma.

"Mama Bujiku," Maganga akaita, "unatafuna?"

"Nasali."

"Fungua mdomo."

Ilikuwa michembe. Akaandikiwa mbuzi.

Mwishowe Daktari Klara akatoka, anajifuta jasho. "Tumeyapata."

Vigelegele! Maganga akataka kuyaona. Akaambiwa hayaonekani bila hadubini.

"Yaani tumeshinda njaa," akasema, "kwa kitu kisichoonekana?"

Limi alipozinduka vizuri, akauliza, "Mama, naruhusiwa kula sasa?" Daktari akakubali, nikakimbilia vyungu. Vitupu! Walivifagia wakati wa vigelegele, mlinzi mwenyewe akiwa wa kwanza. Nikasimama sina la kumpa mwanangu. Mama Bujiku akafungua pindo la kanga, akatoa michembe iliyobaki, akamlisha mmoja mmoja huku analia.

Mimba haikushika. Daktari amesema tujaribu tena, na Limi amekubali ingawa anaogopa. Sitaki apoteze nafasi hii kwa kipande cha kiazi. Safari hii mlangoni atalinda Mama Bujiku mwenyewe, ameapa.

Nitampekua kanga kwanza.