Kura Moja ya Wirrabeen

Nina kijicho, na sioni haya kukisema. Miaka ishirini na minne Des Trevarrow amekuwa mbunge wa Wirrabeen kwenye bunge la jimbo kule Sydney, na miaka yote hiyo nimeamini kiti kile ni changu. Daraja la reli lina jina lake. Wodi ya wazazi, jina lake. Hata kombe la mchezo wa kubiringisha tufe nyasini pale klabuni kwetu, nililolishinda mara mbili, lina jina lake, na anayelipangusa vumbi ni mimi.

Tulikuwa mafundi wa boila pamoja kwenye karakana ya reli. Mbunge wa zamani alipofariki, tawi letu la Chama cha Leba, yaani cha wafanyakazi, lilikuwa na wanachama ishirini na watatu, na tuliojitokeza kwenye mchujo tulikuwa sisi wawili. Karakanani mtu hajipigii kura, ni aibu. Tukapeana mikono: mimi nimpigie yeye, yeye anipigie mimi. Nilikuwa nimeshazunguka nyumba kwa nyumba, na watu kumi na mmoja walikuwa wameniahidi, mke wangu Una akiwemo. Ukiongeza kura ya Des, kumi na mbili. Nimeshinda.

Zikahesabiwa: Des kumi na mbili, mimi kumi na moja. Nikajua papo hapo kwamba Des kajipigia.

Nilimeza uchungu wangu. Kila uchaguzi nilisimama kwenye geti la shule nikigawa vipeperushi vyake, huku moyoni namwombea ashindwe. Hakushindwa hata mara moja.

Sasa anastaafu, na Jumapili iliyopita tulimuaga kwa chakula cha mchana klabuni, nikaombwa niseme neno.

"Ndugu zangu," nikasema, "kikulacho ki nguoni mwako. Huyu bwana alinipa mkono, kisha akajipigia kura mwenyewe!"

Watu wakacheka, wakidhani ni utani. Des hakucheka.

"Mimi, Merv? Haki ya Mungu nilikupigia wewe. Mpaka leo najiuliza nani katika watu wako alikugeuka."

"Acha uongo, we mzee!"

"Merv, keti," Una akasema. Alikuwa anakata keki, na hakuacha kukata. "Ni mimi."

"Wewe? Mke wangu wa ndoa?"

"Nilikuwa na watoto watatu, mkubwa ana miaka minne. Wewe ungekuwa Sydney wiki nzima unahutubia, mimi huku nafua nepi. Des hakuwa na mke wala mtoto. Nikaona aende yeye."

"Na ungenifanyia hivyo tena?"

"Leo hii, nipe karatasi tu."

Ukumbi mzima ukasimama ukampigia makofi, na Des akapiga kuliko wote. Miaka ishirini na minne nimetamani makofi ya namna ile. Nikakaa, nikamwonea kijicho hata mke wangu.