Mabegani Pamebana

Bibi aliamka na jua, akasali, akaloweka maharage, kisha akatoka na ndoo ya maji kwenda bustanini kabla joto halijapanda. Kiangazi kile jua lilichoma tangu asubuhi, na mboga iliyochelewa kunyweshwa ilisinyaa kama kitambaa cha jikoni. Alinywesha nyanya, akanywesha bilinganya. Alipofika kwenye tuta la mchicha akakuta limetitia katikati.

Kwanza alidhani ni mbwa wa jirani. Akainama kutazama. Mbwa halali amekunja magoti na kuweka kiganja chini ya shavu. Udongo ulikuwa umeshuka kwa umbo la mtu mzima aliyelala ubavu, na mchicha ulikuwa umejisogeza pembeni kumpisha, haukung'oka wala kunyauka. Kitindamimba wake alilala vile tangu anyonye. Hata saa hiyo alikuwa ndani ya nyumba, amelala vilevile, ila kwa ubavu wa kulia tu, maana wa kushoto haukugusika.

Alikuwa amekuja jana yake na mtoto wake wa kike na mkasi wake wa kushonea, bila sanduku. Haikuwa mara ya kwanza. Jioni mumewe angekuja kumchukua, na kila alipokuja walimrudisha. Asubuhi ile, kwenye sala, Bibi alikuwa amemwahidi Mungu kwamba leo atasema hapana.

Alimaliza kunywesha kwanza.

Jirani alikuwa akianika nguo upande wa pili wa uzio. "Umeamkaje, mama? Naona na kwako limetitia."

"Limetitia."

"Kwetu lilititia mwaka ule wa dada yangu. Tukajaza udongo, wapi, halijai. Baadaye tulipanda vitunguu." Akabana shati kwenye kamba. "Vilistawi, sikufichi."

"Baada ya nini?"

"Ya kumzika dada."

Mwanawe mkubwa, fundi wa matofali, alikuja na toroli. Alimwaga udongo mpaka shati likamganda mgongoni. Tuta liliumeza wote na kubaki na umbo lake, vidole na kila kitu.

"Linakula kunishinda mimi," alisema, akakaa kunywa chai. "Mama, jioni shemeji anakuja. Tusimpandishie sauti. Mambo ya nyumba ya mtu yanasitiriwa."

Bibi aliligeuza neno hilo mdomoni. Ndilo walilolitumia waliporudi kutoka kumzika baba yao: tumemsitiri mzee.

"Nitasema naye," alijibu. Lakini maharage yalikuwa yanataka maji, shuka zilikuwa kwenye beseni, mchele haujachambuliwa, na mjukuu alikuwa amejipaka matope mpaka masikioni. Bibi alimwogesha, akafua, akasuuza, akaanika. Kila kazi aliyoishika alijiambia kwamba ikiisha atakaa chini atafute maneno, na kila ilipoisha ilikuwa imeshazaa nyingine.

Mchana mjukuu alikuja jikoni. "Bibi, mama yuko kwenye mboga."

Bibi alitoka na mwiko mkononi. Kitindamimba alikuwa amelala ndani ya tuta, magoti yamekunjwa, kiganja chini ya shavu, na mchicha umemzunguka.

"Kuna ubaridi humu, mama."

"Toka, utachafua gauni."

"Limenikaa," alisema, kwa sauti ile ile anayotumia kwa wateja wanaojaribu nguo mbele ya kioo. "Ila mabegani pamebana."

"Mama amekuwa karoti," mjukuu akasema, akacheka peke yake.

Bibi alimpa mkono, akamvuta taratibu kwa ule wa kulia. "Leo nitasema. Hurudi kule."

"Ulisema hivyo na mara ile, mama." Hakulaumu. Alisema kama mtu anayekumbusha chumvi.

Jioni mkwe alifika na sukari na sabuni. Mtaa mzima ulimpenda. Aliwabebea wazee mizigo, na hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. "Shikamoo, mama. Mguu unaendeleaje?"

"Marahaba, baba. Hivyo hivyo."

Walikula. Mkwe akayasifu maharage. Mwana mkubwa alizungumza juu ya subira, akazungumza tena, na mkwe akaitikia kwa kichwa kila mara. Kitindamimba alikuwa akitazama sahani yake. Ndipo Bibi akapiga moyo konde.

"Mwanangu alale hapa."

"Alale hapa wapi, mama?" mwana mkubwa akauliza.

Wote waligeuza macho, bila kuambiana, wakatazama bustanini kupitia mlango uliokuwa wazi. Bibi alisimama akakusanya sahani.

Mkwe hakuwa mtu wa kukaa huku mama mkwe akifanya kazi. Alitoka aone kama kuna la kusaidia, akaliona tuta, akachuchumaa. Alilitazama umbo, akageuka akamtazama mkewe mlangoni, akarudi kulitazama umbo.

"Hapa mabegani pamebana," alisema.

Alikunja mikono ya shati, akachukua jembe, akachimbua kidogo huku na kidogo huku, kisha akalainisha kwa kiganja. Udongo uliokataa kutwa nzima kujaa ulikubali kutoka.

"Ahsante, shemeji," mwana mkubwa akasema. "Umetusaidia."

"Si kazi hiyo."

Kisha akamwita mkewe, kwa upole, kama kawaida yake. Kitindamimba alitoka na mkasi umefungwa kwenye kitambaa, mtoto kamshika mkono. Akasimama kidogo mbele ya Bibi.

"Mama, tangu asubuhi hujakaa. Kaa sasa."

Mwana mkubwa akawasindikiza mpaka njiani, akiongea na shemeji yake habari za mvua.

Bibi hakukaa. Alikwenda kwenye tuta, akapiga magoti, akaingiza mkono mle upande wa mbavu. Palikuwa na kokoto, zile ndogo zinazochoma. Akaanza kuzitoa moja moja, akiziweka mapajani ndani ya gauni lake.

"Mama, giza linaingia," mwanawe aliita aliporudi.

"Nakuja," alisema, akaendelea kupapasa.