Mistari ya Barabarani

Mume wangu alikuwa na ugonjwa wa usafi. Si usafi wa nyumba. Nyumbani aliweza kuacha viatu katikati ya mlango watu wajikwae mpaka kesho. Usafi wake ulikuwa wa shamba. Chini ya mizabibu yake hapakuota kitu. Ukipita barabarani uliona nguzo, waya, majani ya kijani, na chini ardhi tupu kama sakafu iliyopigwa deki. Wapita njia walisimama kutazama, naye Mzee akajifanya hawaoni, lakini mimi niliyelala naye kitanda kimoja nilijua kichwa kimevimba.

Usafi ule ulitoka kwenye bomba la mgongoni. Nilipokuja hapa nikiwa mke mpya nilimkuta anapulizia dawa ya magugu, na aliipulizia miaka yote tuliyoishi pamoja, mikono mitupu. Mikono hiyo ilipoanza kutetemeka, daktari alimwuliza alikuwa akitumia dawa gani, akaandika. Njiani Mzee alisema hata mwandiko wa daktari mwenyewe unatetemeka. Nilicheka, kisha nikageukia dirishani.

Ndipo binti yetu wa mwisho akaacha kazi ya uuguzi mjini, akarudi nyumbani. Sikumwita. Alikuja na sanduku moja na msimamo wake. Kesho yake alichukua jembe, akamwita baba yake shambani, akachimba katikati ya mistari ya mizabibu. Jembe likadunda. Alipofanikiwa kung'oa bonge la udongo hatukuona nyungunyungu ndani yake, wala mzizi mwembamba, na lilikuwa halina harufu. Alimweleza baba yake kuwa mvua inateleza tu juu ya shamba hili na kukimbilia korongoni, na kuwa mizabibu inaishi kwa mbolea ya mfuko kama mgonjwa anavyoishi kwa dripu. Nilidhani Mzee angemtimua. Aliligeuza lile bonge mkononi muda mrefu.

“Inapona?” aliuliza.

“Inapona, Baba. Ila polepole.”

Akamkabidhi funguo za stoo, na dawa zote zikatolewa humo siku hiyohiyo.

Tukaanza maisha mapya, na nisidanganye, yalikuwa magumu. Tulibeba samadi ya mbuzi mpaka nywele zikanuka. Matawi tuliyopogoa, ambayo zamani tuliyachoma, sasa tuliyakatakata na kuyatandaza chini. Binti akapanda mikunde katikati ya mistari na kuacha nyasi ziote. Mavuno ya kwanza yalitutia aibu. Jirani yetu wa ng'ambo ya korongo, tunayemwita Meneja kwa sababu aliwahi kuwa meneja mahali fulani na hajatusamehe kwa kutokufanya kazi chini yake, alisimama kwenye uzio akauliza kama siku hizi tunafuga nyoka. Mzee alikubali samadi, akakubali matandazo, akakubali hata mavuno haba. Nyasi ndizo zilizomshinda. Mdomo ulikubali, macho yakakataa. Kila asubuhi alikaa barazani na kuligeuzia shamba mgongo.

Nia ya binti ilikuwa cheti cha kilimo hai. Shamba likikaa miaka mitatu bila dawa, mkaguzi anakuja kulikagua, na likifaa linaandikwa kuwa safi. Wanunuzi wa zabibu za namna hiyo walikuwepo, lakini mwanangu hakuwa akiwawaza wao. Daktari alikuwa amemweleza, kama wanavyoelezana watu wa kazi moja, kuwa baba yake hana mavuno mengi mbele yake. Alitaka Mzee aondoke akijua kuwa ardhi yake imepona na kwamba hakuacha kaburi nyuma yake. Hilo tu. Aliniambia tukiwa tunaosha mapipa, na hatukulizungumza tena.

Mwaka wa tatu mkaguzi akatuma ujumbe kuwa atakuja mwezi huo. Binti alikuwa mjini kwa siku chache, nami nikaenda kumtazama dada yangu aliyekuwa mgonjwa. Tuliporudi hatukuona kitu. Siku chache baadaye, nyasi za mistari ya barabarani zikaanza kuwa njano. Zilikauka kwa ukanda ulionyooka, na mzabibu hata mmoja haukuguswa. Hapa kwetu ni mtu mmoja tu aliyewahi kupulizia hivyo.

Mwanangu alipiga magoti, akashika nyasi, akazinusa. Kisha akamfuata baba yake barazani na kumwuliza.

“Ni mimi,” Mzee alisema. “Mgeni anakuja. Nimwache apite kwenye vichaka, aseme binti yangu mvivu? Nimeazima bomba kwa Meneja, na dawa yake. Wala usiwe na wasiwasi, sikugusa jani hata moja la zabibu.”

Alisema hivyo huku akingoja shukrani. Bomba likijaa lilimshinda kubeba, kwa hiyo alikuwa amelitia dawa kidogo kidogo, akienda na kurudi, asubuhi nzima, na mikono ile. Nilitafuta mahali pa kuweka macho yangu nikakosa.

Mwanangu hakupandisha sauti. Aliuliza kama alinawa baada ya hapo. Mzee akasema alijifuta kwa kitambaa. Binti akamwongoza mpaka kwenye karo, akamkunjia mikono ya shati na kumwosha kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, taratibu, ingawa sote tulijua kuwa tumechelewa. Kisha akaenda stoo, nyuma ya mapipa, akalia. Nilimwacha alie.

Jioni, tukiwa jikoni, nilimwambia ampitishe mkaguzi upande wa juu, aishie huko, ampe chai, amuage. Sioni haya kusema hivyo. Mume wangu alikuwa anakufa, na kile cheti nilikitaka kuliko binti alivyokitaka.

“Hapana, Mama,” alisema. “Nitamwambia kuna dawa imepigwa. Ila nitasema ni mimi, nilikosea.”

“Watakuona mjinga. Muuguzi mzima hujui unachopulizia?”

“Bora wanione mimi.”

Chumba cha Mzee kiko ukuta mmoja na jiko. Redio yake, ambayo haizimwi, ilikuwa imezimwa.

Mkaguzi alikuwa mama mmoja wa makamo, mwenye viatu vya mpira na maneno machache. Mwanangu alimpeleka moja kwa moja kwenye mistari ya barabarani. Walikuwa wamesimama juu ya nyasi zile zilizokauka, mwanangu anatafuta pa kuanzia, tukasikia fimbo. Mzee alikuja peke yake, amevaa koti lake la heshima, vifungo vimepishana.

“Usimsikilize huyu,” alimwambia mkaguzi. “Hapa nimepulizia mimi. Yeye hakuwepo.”

Mkaguzi akamwuliza kwa nini. Mzee alitazama chini, na nadhani ndipo alipoziona zile nyasi kwa mara ya kwanza.

“Nilikuwa nakusafishia,” alisema.

Yule mama akasema kwa upole kuwa atalazimika kuandika alichokiona, na kwamba hesabu inaanza upya, shamba zima.

“Mitatu tena?”

“Mitatu, Mzee wangu.”

“Mimi sina mitatu.”

“Baba,” mwanangu alisema.

“Sina. Wewe unajua, na mimi najua kuwa unajua. Sasa niambie kazi ya leo.”

Mwanangu aliingia stoo, akarudi na kiti na bakuli la mbegu za mikunde. Akafukua ukanda ule uliokauka, akamkalisha baba yake katikati ya mistari, na kila alipomaliza kipande alimsogezea kiti. Mzee alipanda kwa mikono yake. Mbegu zilianguka zilipotaka, hapa konzi nzima, pale hakuna kitu. Alitaka kurekebisha, vidole vikakataa, akaendelea hivyohivyo mpaka bakuli likaisha.

Alifariki kabla ya mvua. Mvua zilipokuja mikunde iliota jinsi ilivyoanguka, mafungu mafungu, na mwanangu hakung'oa hata mche mmoja. Juzi Meneja alisimama kwenye uzio, akatazama, akacheka, akaniuliza ni nani aliyetupandia ovyo namna ile.

Nikamwambia ni mwenye shamba.