Kasi ya Mama Ratemo

Mwaka huo hakuna kilichomuuma Bochaberi kama kumsikia mjukuu wake akicheka nyumbani kwa mke mwenza.

Kicheko chenyewe kilitoka Marekani, ndani ya simu, lakini kilimfikia kikishuka mteremko kutoka kwa Kwamboka. Kilipita juu ya migomba, kikapita juu ya mistari ya chai, kikamkuta ameinama anachuma, kikapu mgongoni. Akakijua papo hapo. Huwezi kukosea kicheko cha mtoto aliyepewa jina la mama yako mzazi. Kisha akasikia, "Magokoro! Magokoro!" Na magokoro ni nyanya, kwa lugha ya kwao, na mjukuu huyo, Gesare, alikuwa na magokoro mmoja tu aliyemzaa mama yake. Huyo mmoja alikuwa huku chini, mkononi ana majani mawili na chipukizi, na hakuna aliyemwita.

Bochaberi alikuwa mke wa kwanza wa marehemu Ombui. Kwamboka aliletwa baadaye, miaka thelathini na minane iliyopita, akajengewa juu kidogo kwenye shamba lile lile, si mbali na soko la Nyamache. Wake wale walikuwa wameshazoeana kama meno na ulimi: wanakaa pamoja, wanaumana, na asubuhi wanakula tena.

Halafu ikaja intaneti.

Mokeira, binti wa Bochaberi, ni muuguzi kule Minnesota. Alimlipia mama yake intaneti ya nyumbani ili kila Jumapili saa kumi jioni, kwao ikiwa asubuhi, Gesare aone uso wa nyanya yake. Antena ikapandishwa juu ya bati, waya ukaingizwa ndani, na mwisho wa waya kikawekwa kile kisanduku cheupe chenye masikio mawili kinachoitwa ruta. Hazikupita wiki mbili, Ratemo wa Kwamboka, anayefanya kazi Qatar, naye akamlipia mama yake. Fundi yule yule, mlingoti ule ule wa kilimani, kasi ile ile ya megabiti kumi.

Ile ile kwenye karatasi. Kwa Kwamboka picha ilitembea kama mtu anayechungulia dirishani. Kwa Bochaberi picha iliganda. Mdomo ulibaki wazi, jicho moja limefumba, na maneno yakaja nyuma kama mbuzi mkaidi. Jumapili ya tatu Gesare alilia. "Magokoro amekuwa jiwe!" Alikuwa na kinyago cha mawe ya Tabaka, mama mnene aliyebeba mtungi, alichotumiwa na nyanya huyo huyo, na akadhani nyanya amegeuka kile.

Siku hiyo Mokeira alimpigia Kwamboka kuuliza kama stima imepotea huko nyumbani. Uso wa Kwamboka ukatokea safi, hata pengo la jino likaonekana. Mtoto akanyamaza, akamwangalia, akacheka. Kutoka hapo ikawa kila Jumapili, Bochaberi akishaganda, wanahamia juu.

Halafu siku moja Mokeira akapiga simu ya kawaida, sauti imejaa tahadhari.

"Mama, usikasirike."

"Umeshanikasirisha. Sema."

"Jumapili hii ikikwama tena, tutakuwa tunapiga kwa Mama Mdogo moja kwa moja. Wewe utapanda tu pale, mkae pamoja. Ni hatua hamsini, Mama."

"Hatua hamsini za nani?" akauliza Bochaberi. "Mimi ndiye niliyemkuta huyo mwenye kasi, au ni yeye aliyenikuta?"

Hakulala vizuri siku zile. Alijiona ameketi kwenye kigoda kwa mwenzake, ameshika kikombe cha mwenzake, anangoja zamu ya kusalimiwa na damu yake mwenyewe.

Sababu aliijua, au alidhani anaijua. Mlingoti uko kilimani. Nyumba ya Kwamboka iko juu, yake iko chini. Na ni nani asiyejua mambo ya kijito? Aliye juu akiteka kwa pipa, wa chini hubaki na matope. Kwamboka alikuwa anateka intaneti kabla haijashuka! Mara mbili alimkuta anaangalia mahubiri kwenye simu mchana mzima, na mahubiri yale, Bochaberi aliamini, yalikuwa yanakunywa kutoka kwake.

Akampigia Mahesh, yule fundi. Mahesh ana duka la antena na betri mjini Kisii. Alizaliwa hapo hapo mjini, na anaongea Kikisii cha sokoni kushinda watoto wengi wa leo.

"Mahesh, nakutegea."

"Tega, Mama Mokeira."

"Mto umefika mlangoni, ndani nachota kwa kijiko."

Mahesh akacheka. "Hiyo ni intaneti yako. Ruta umeiweka wapi?"

"Iko mahali pazuri."

"Pazuri wapi?"

"Wewe njoo umpime huyo wa juu. Wizi uko kule."

"Nitakuja Jumapili kabla ya saa kumi. Lakini Mama, nitaanza na wewe."

Sasa, kuhusu mahali pazuri. Huku kwetu wako watu wenye jicho. Si watu wabaya. Wamezaliwa nalo tu. Mtoto mchanga mwenye ngozi laini wakimkazia macho, ngozi inaharibika, ndiyo sababu wengine humpaka siagi na kumfunika wageni wakija. Ile siku ruta ilipowekwa, Kwamboka alikuja kuitazama. Aliitazama sana. Akasema, "Ai, Mama Mokeira, kitu cheupe hivi! Kinawaka kama nyota." Hakutema mate, hakusema hata neno la kupoza sifa. Jioni hiyo hiyo Bochaberi akalitoa sanduku la bati, lile Mokeira alilokwenda nalo shule ya bweni. Akaitia ruta ndani, waya zikatokea pembeni pa kifuniko. Akafunga kwa kufuli, akalisukuma chini ya kitanda, na juu yake akaweka blanketi mbili. Kwenye meza ya sebuleni akabakiza kitambaa cha kufuma, kimetandazwa vizuri juu ya hewa.

Ikawa siri yake. Na siri ya mtu mwenye wivu ni kama chumvi mfukoni, ikipata unyevu kidogo tu inakwaruza paja.

Jumapili Mahesh alifika saa tisa, jasho linamtoka, ngazi begani. Na kabla hajashusha ngazi, Kwamboka naye huyo akashuka, na mkungu wa ndizi mbivu kichwani.

"Nimesikia kuna mgonjwa," akasema. "Nimeleta za kumwangalia."

"Mgonjwa hali ndizi," akajibu Bochaberi.

"Basi atakula daktari."

Mahesh akala mbili, akapanda juu ya bati. Alitikisa antena, akaangalia mlingoti kule kilimani, akashuka.

"Antena imenyooka. Hakuna mti mbele."

"Hata migomba yake?" Bochaberi aliuliza, kidevu kimeelekea kwa Kwamboka.

"Migomba yake haijafika huko, Mama. Na yeye hawezi kunywa yako. Kila antena ina njia yake mpaka kilimani. Hii si maji."

"Kila kitu kinachoshuka ni maji," akasema Bochaberi.

"Ananisema mimi?" Kwamboka akamuuliza Mahesh.

"Mimi ni fundi tu," Mahesh akasema, akakimbilia ndani.

Akatoa kompyuta yake. Akauchomoa ule waya unaoshuka kutoka kwenye antena, pale ulipoingilia ukutani, akauchomeka kwenye kompyuta. Mshale wa kupima kasi ukapanda. Tisa na nusu. Akawaonyesha wote wawili.

"Mnaona? Mto umefika mlangoni kweli. Hakuna mwizi." Akaurudisha waya mahali pake, akangoja, akapima tena kwa simu ya Bochaberi, akiwa amesimama katikati ya sebule. Mshale ukatetemeka chini kabisa, kama kifaranga kilicholowa. Haukufika hata moja. "Na hiki ndicho kijiko. Kwa hiyo ugonjwa uko kati ya ukuta na simu. Yaani ruta. Iko wapi?"

Jogoo akawika nje bila sababu.

"Mama Mokeira, ruta?"

Bochaberi aliangalia saa ya ukutani. Saa kumi kasoro dakika kumi na mbili. Akamwangalia Kwamboka, aliyekuwa ameketi na mkono shavuni, macho yake yale makubwa yakizunguka sebule, yakitua kwenye kitambaa cha kufuma kisichofunika kitu. Angeweza kusema imeharibika. Angeweza kumwambia Mahesh arudi kesho, Kwamboka akiwa amekwenda kuuza chai yake kwenye kituo. Lakini kesho Gesare atakuwa amehamia juu.

"Iko chumbani," akasema. "Chini ya kitanda."

Mahesh alimfuata, na Kwamboka akamfuata Mahesh, maana nani angebaki? Bochaberi akapiga magoti, akatoa blanketi ya kwanza, akatoa ya pili, akalivuta sanduku likapiga kelele kwenye saruji. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake, kwenye uzi. Kufuli likafunguka. Ruta ilikuwa humo, inawaka, na joto kama kuku anayeatamia.

Mahesh alishika kichwa. "Mama! Bati! Hii inaongea na simu kwa hewa. Ukiifungia kwenye bati ni kama kumtia kasisi kwenye tangi halafu unalalamika mahubiri hayasikiki!"

Angecheka zaidi, lakini akaona wale wanawake hawacheki.

Kwamboka alikuwa anaangalia kufuli. "Hii umemficha nani?" akauliza polepole.

"Wezi."

"Mwizi gani anaiba ruta akaacha redio? Umenificha mimi." Hakupandisha sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Nimekushikia watoto wako wawili wakizaliwa. Hawakuharibika. Leo jicho langu linaua plastiki?"

"Uliisifu sana," akasema Bochaberi akiwa bado amepiga magoti.

"Niliisifu kwa sababu niliitamani! Nilimlilia Ratemo wiki nzima aninunulie. Na amenunua, na naangalia nini? Mahubiri. Ratemo ana miaka thelathini na mitano, hana mke, hana mtoto. Wewe una mjukuu, Mama Mokeira. Mimi nina kasi."

Akatoka. Walisikia kandambili zake zikipanda mteremko, pa, pa, pa.

Mahesh alijifanya anahangaika na waya. Aliipeleka ruta sebuleni, akaiweka juu ya kabati la vyombo, wazi, masikio yamesimama, akapima. Tisa. Akapima akiwa jikoni. Saba. "Usiifunike," akasema kwa sauti ya chini. "Hata kitambaa usiweke. Iache ionekane." Akachukua ndizi nyingine moja, akabeba ngazi yake, akaenda.

Saa kumi kamili simu ikalia. Bochaberi aliishika kwa mikono miwili. Uso wa Gesare ukatokea wote, nywele hazijachanwa, uji umekauka mdomoni, na haukuganda.

"Magokoro! Unatembea!"

"Natembea, mama yangu. Naona hata uji wako."

Machozi yakamtoka, akayaacha yashuke, akitaka mtoto aone kwamba jiwe halilii. Mokeira akatokea nyuma, akapiga makofi. Wakaongea juu ya shule, juu ya jino linalocheza, juu ya paka wa jirani. Dakika kumi nzima. Bochaberi alizihesabu moja moja, na kila moja ilikuwa yake peke yake.

Halafu Gesare akainamisha kichwa, akachungulia pembeni mwa simu, kama anayetafuta mtu nyuma ya mlango.

"Na Magokoro wa juu?"

"Yuko kwake."

"Mwite. Ana kitendawili changu. Hakunipa jibu."

Kitu kikamchoma Bochaberi chini ya titi la kushoto. Vitendawili! Yeye ndiye aliyemfundisha Kwamboka vitendawili, alipoletwa bado msichana, usiku analia kwa kukumbuka kwao. "Mimi nina vingi kushinda yeye," akasema. "Nikupe kumi."

"Nataka chake."

Bochaberi alimtazama mtoto, akaona ule mdomo umeanza kujikunja. Na mbele ya macho yake akaiona nyumba ile ya juu, mwanamke ameketi na simu yenye nguvu zote, na hakuna anayempigia.

Akatoka mlangoni na simu mkononi. "Kwamboka!" Kimya. "Ee, Mama Ratemo!" Kimya tena, ila pazia kule juu lilisogea. Akavuta pumzi. "Mwenzangu! Mtoto anakuita! Kasi ipo, ni wewe tu hupo!"

Ilichukua muda. Gesare aliuliza mara tatu kama amefika. Hatimaye Kwamboka akatokea, na Bochaberi akaelewa kilichomchelewesha. Alikuwa amebadilisha kitambaa cha kichwa, kile chekundu cha kanisani, na uso ameupaka mafuta mpaka unameta. Bochaberi alijitazama. Alikuwa bado na ile aproni ya kuchumia chai, vumbi la chini ya kitanda magotini.

"Kumbe ulikuwa unajipamba," akasema.

"Nimeitwa na mgeni," akajibu Kwamboka. "Wewe ulitaka nije na majivu?"

Bochaberi akampa kigoda kile kifupi, yeye akaketi kwenye kiti, akaishika simu kwenye usawa wa uso wake mwenyewe. Kwenye kile kidirisha kidogo cha pembeni ulionekana uso mzima wa Bochaberi, na chini kabisa, kipande cha kitambaa chekundu.

"Magokoro wa juu, simuoni mdomo!" Gesare akalalamika. "Atategaje?"

Kwamboka alikaa tu, mikono mapajani, anangoja.

Bochaberi akaishusha simu. Kidogo. Yakatokea macho. Akaishusha tena kidogo.