Mvua ya Mawe ya Mwaka wa Sensa

Phanuel Wafula alikuwa amejengea watu nyumba kuanzia Malava hadi Khayega, lakini yeye mwenyewe alilala chumba cha kupanga nyuma ya duka la mbolea. Si kwamba alikosa matofali. Kilichomzuia ni kaka yake. Au mdogo wake. Hapo ndipo palipokuwa na kesi.

Kwao mdogo hajengi kabla ya mkubwa. Phanuel na Bramwel, watoto wa baba mmoja na mama wawili, walizaliwa juma moja, na hakuna aliyejua nani alitangulia. Mama Nanjala, mamake Phanuel, alikuwa ameenda kujifungulia kwao ng'ambo ya mto. Mto ukafura, daraja la miti likaenda na maji, na habari zikakaa ng'ambo mpaka maji yaliposhuka. Kufikia hapo kila upande ulikuwa umeshampa mtoto wake jina: Wafula, mtoto wa mvua. Tarehe hakuna aliyeandika. Vitambulisho vyao vilisema Januari mosi, kama vya nusu ya kijiji.

"Wangu alizaliwa siku ya mvua ya mawe," Mama Nanjala alisema miaka yote. "Mawe yalichana migomba yote ya mama yangu."

"Na wangu siku mto ulipobeba daraja," Mama Gentrix, mke wa kwanza na mamake Bramwel, alijibu. "Mchana, watu wakiona."

Mwaka waliujua. Ulikuwa ule wa sensa ya sabini na tisa, na mama wote wawili walihesabiwa mwezi Agosti wakiwa na mimba kubwa. Baba alipozikwa, wazee wa ukoo walichoshwa na kelele.

"Nendeni kwa watu wa hali ya hewa," wakasema. "Aliyetangulia kuzaliwa ajenge. Mkikutwa ni siku moja, nyumba ya mke wa kwanza itangulie, na tusisikie tena neno."

Bramwel, aliyeuza dawa za mifugo, alisema dukani hapaachiki. Phanuel akaenda peke yake kituoni Kakamega, akampata ofisa mmoja, Chepkirui.

"Nataka picha za rada," alisema hata kabla ya kukaa. "Zile zinaonyesha wingu likitembea. Za sabini na tisa."

Chepkirui akacheka. "Mzee wangu, rada ya mwaka huo nikutolee wapi? Hata mimi sikuwa nimezaliwa."

"Sasa serikali ilikuwa inajuaje kumenyesha?"

"Mtu alikuwa anatoka nje asubuhi, anapima maji yaliyoingia kwenye chombo, anaandika."

"Basi nipe hiyo ya chombo."

Kadi za vipimo vya zamani hivyo zilikuwa Nairobi, kwa hiyo ilibidi aandike barua ya maombi. Phanuel, aliyeacha shule darasa la tano, aliiandika kwa herufi kubwa kubwa, kisha akangoja. Mahindi yaliyokuwa magotini yakatoa ndevu ndipo Chepkirui akapiga simu.

Karatasi ilikuwa moja tu, ya Septemba. Phanuel akaifuata kwa kidole. Mvua ya mawe, tarehe kumi na moja, alasiri. Mvua kubwa kuliko zote za mwezi huo, ile ya kubeba daraja, tarehe kumi na mbili.

"Mimi ndiye mkubwa!" Tayari alikuwa ametoa simu ampigie Bramwel.

"Ngoja, mzee," Chepkirui akasema. "Maji hupimwa saa tatu asubuhi. Yaliyopimwa tarehe kumi na mbili yalinyesha jana yake. Tazama hapa pembeni: ilianza alasiri na mawe, ikakatika jioni. Ni mvua moja hiyo."

Phanuel akairudisha simu mfukoni. "Na hilo la kupima asubuhi limeandikwa hapa?"

"Halijaandikwa. Sisi tunajuanga tu."

Njia nzima aliifungua karatasi na kuikunja tena. Karatasi ilimpa ukubwa, na hakuna mtu nyumbani Malava ambaye angemwuliza mvua hupimwa saa ngapi.

Aliwakuta Bramwel na mama zao wawili kwa Mama Gentrix. Bramwel akaisoma karatasi, uso ukamshuka.

"Basi," akasema. "Kumi na moja, kumi na mbili. Jenga, kaka."

"Mimi si kaka yako," Phanuel akasema, na akaeleza lile la saa tatu asubuhi: mvua ni moja, siku ni moja, na nyumba ya mke wa kwanza itangulie.

Mama Nanjala akajipiga paja. "Phanuel! Nani amekutuma kuyasema hayo?"

"Ungenyamaza nisingejua," Bramwel akasema polepole.

"Wewe hungejua. Mimi ningelala humo nikijua."

Bramwel akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa gunia. "Sasa nyumba nijengewe na nani?"

"Na mdogo wako. Kesho asubuhi. Na usinibadilishie ramani kila siku, maana nyuma yako kuna mtu kwenye foleni."

Asubuhi Bramwel alishika ncha moja ya kamba, Phanuel akaivuta nyingine mpaka ikanyooka, akapigilia kigingi. Mama zao walisimama pembeni wakibishana kuhusu dirisha la jikoni.

"Mlango uangalie wapi?" Phanuel akauliza.

Bramwel akaonyesha upande wa pili wa shamba. "Uangalie kwako."

"Kwangu ni nyasi tu."

"Kwa sasa," Bramwel akasema. "Piga kigingi, tumalize hapa tuhamie huko."