Jina Kwenye Jalada

"Ngo... ma," mkewe alisoma, kidole cha shahada kikitambaa taratibu juu ya jalada la albamu. "Ngoma. Nukta mbili. Mi... za... ni." Akakiacha kidole pale pale, kana kwamba akikiondoa jina lingeruka. "Baba watoto, ni wewe huyu!"

Mumewe, fundi wa viti, alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi la mteja, misumari mitatu midogo ameibana midomoni. Alitikisa kichwa kukubali. Mizani lilikuwa jina alilopewa na wanamuziki wenzake miaka thelathini iliyopita, kwa sababu mdundo wake haukuwahi kuzidi wala kupungua. Jina la kuzaliwa lilibaki kwenye kadi za kliniki na kinywani mwa dada yake.

Mkewe alikuwa na miezi tisa tu katika darasa la watu wazima. Kabla ya hapo, maandishi kwake yalikuwa wadudu waliokufa juu ya karatasi.

"Haya, tia tusikie," alisema. "Leo nataka kukisikia nilichokisoma."

Fundi akaitema misumari kiganjani, akaiweka sidii ndani ya redio.

Ilitangulia saksafoni ya kiongozi wa bendi, kinanda kikaifuata, kisha gita la besi. Ilikuwa jazi, lakini jazi iliyooana na midundo ya nyumbani, kazi waliyoihangaikia wiki sita katika chumba kisicho na dirisha, kuta zake zimefunikwa kwa trei za mayai. Ngoma zikaingia. Mizani akainamisha kichwa, kama mtu anayesubiri kuitwa.

Hakuitwa.

Toazi lake kubwa lilikuwa na ufa ukingoni. Alikuwa amelitoboa kitundu mwishoni mwa ufa ili usiendelee, na tangu hapo, kila alipolipiga, lilibakiza mvumo mdogo, kama nzi aliyenaswa chini ya bilauri. Aliutafuta mvumo ule katika wimbo wa kwanza. Akautafuta katika wa pili. Toazi la kwenye albamu lililia safi, halina kovu. Wimbo wa tatu ulikuwa ule wenye mapigo saba. Humo mkono wa kushoto ulimimina mapigo membamba, ya haraka, kama punje zinazomwagwa kwenye sinia. Kifundo cha mkono wake wa kushoto kilikuwa kimevimba tangu mwaka juzi, kwa kuvuta springi za makochi. Hakuwa tena na mapigo ya namna ile.

Ndipo alipoelewa kwa nini kule studio kiongozi alikuwa mwepesi kusema, "Imetosha, Mzee, tumepata," naye Mizani akarudi nyumbani akipiga mluzi.

"Mbona umeganda?" mkewe aliuliza, mabega yakimchezacheza. "Mikono yako hiyo!"

"Nasikiliza," alijibu.

Juma lile lile mtangazaji wa redio aliisifu albamu kwa sauti iliyojaa asali. "Mpiga ngoma huyu mkongwe," alisema, "amezaliwa upya." Dukani, majirani walimpigia makofi. Kila sifa ilimfikia kama barua ya mtu mwingine iliyoletwa mlangoni pake kwa makosa.

Alhamisi akaacha kazi mapema, akaenda nyumbani kwa kiongozi. Alimkuta barazani, akiifuta saksafoni kwa kitambaa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Aliyepiga ni nani?"

Kiongozi hakujifanya hajaelewa. "Mpwa wa mpiga besi. Alikuja siku mbili."

"Nyimbo ngapi?"

Kitambaa kilisimama. "Zote nane."

Mizani aliketi bila kukaribishwa. "Mngeniambia."

"Nani angekuambia? Mimi, uliyenifundisha kuhesabu mapigo kwa kunigonga kisogoni?" Akakikunja kitambaa. "Jina lako tuliliacha kwa heshima, Mzee."

"Mngeliondoa jina, mkaiacha mikono."

Kisha kiongozi akasema, macho yake yakiwa kwenye saksafoni, kwamba mwezi ujao kulikuwa na onyesho, na kwamba kijana alikuwa ameshaondoka, amepata mkataba wa kupiga muziki melini. "Watu watakuja kusikia walichokisikia kwenye albamu. Utapiga wewe. Au, ukiona vigumu, tumtafute mwingine, tuseme unaumwa."

"Nitakujibu."

Njiani alipanga maneno. Angemwambia mkewe moja kwa moja, bila kuzunguka: yule si mimi. Aliyarudia mpaka yakawa mepesi mdomoni.

Alipofungua mlango, wanawake watano wa darasani walikuwa wamekaa kwenye makochi ya wateja, jalada likipita mkono hadi mkono.

"Huyo kaja!" mmoja alipaza sauti. "Shoga, kumbe miaka yote hii unalala na redio, hutuambii!"

"Ndiyo maana akiitwa haitiki," mwingine akadakia. "Masikio yamejaa ngoma!"

Walicheka mpaka springi zikalia. Mkewe peke yake hakucheka. Alisimama, akaunyoosha mtandio wake.

"Mwalimu ameyaandika ubaoni leo, mume wangu, maneno yote ya jalada. Akaniita mbele. Nimesoma tangu juu mpaka chini bila kusaidiwa. Jina lako nimelisoma mbele ya darasa zima."

Mizani alifungua kinywa. Maneno aliyoyabeba njia nzima yalikuwamo bado, mepesi vile vile.

"Umesoma vizuri," alisema.

Kesho yake akatuma ujumbe kwa kiongozi: atapiga. Tangu siku hiyo, kila alasiri, alikaa mbele ya mto wa kochi, kifundo kimefungwa bandeji, redio ikiurudia wimbo wa tatu. Alijifunza mkono wa kijana yule pigo kwa pigo, kama mtu anayejizoeza kuiga sahihi. Kila kijiti kilipotua, vumbi la wateja lilipanda na kuning'inia kwenye mwanga wa dirisha.

"Hapo umekosea, baba watoto," mkewe alisema kwa upole kutoka jikoni. Aliijua albamu yote kwa moyo. "Wewe huwa huendi hivyo."

Kijiti cha kushoto kilibaki hewani.

"Huwa naenda vipi?"

"Jamani! Umesahau?"

"Nimesahau. Nionyeshe."

Mkewe akaja na mikono yake yenye maji ya vyombo, akasimama nyuma yake. Kwa vidole viwili akampigia begani yale mapigo membamba, harakaharaka, bila kukosa hata moja, na kila kidole kikaacha doa dogo la maji kwenye shati, doa lililoanza kukauka kabla hajafika mwisho.